Mkono wa Kushoto wa Katekista

Sevo ya tatu iliponyamaza, Katekista Kalisti alifumba macho, akasema kwa sauti ya chini, "Asante, Yesu." Hakuna aliyecheka. Wanafunzi wenzake wa darasa la jioni walishamzoea. Walijua kwamba mzee huyu hata bisibisi haishiki kabla ya kuomba.

Tangu mwanzo wa wiki sevo ile ilikuwa ikilia kama mbu aliyenaswa ndani ya chandarua. Sevo ni mota ndogo isiyozidi kiberiti, yenye mkono mwembamba wa plastiki. Ukisukuma kijiti cha rimoti, mkono ule unageuka, unavuta waya mgumu, na waya unainua au kushusha kipande cha bawa au cha mkia. Hivyo ndivyo ndege ndogo isiyobeba mtu inavyoambiwa ielekee wapi. Ndege ya darasa lao ilikuwa na sevo tatu, mbili mabawani na moja mkiani, na hii ya mkiani ndiyo iliyokataa kutulia. Ililia, ikapata moto, ikamaliza betri, mpaka Kalisti akaanza kuisikia usingizini.

"Mzee wangu, umeifunga mkono kabla haijajua katikati yake ni wapi," Mwalimu Herieth alimwambia jioni ile. Alikuwa na umri wa binti wa mwisho wa Kalisti, lakini Kalisti alimwita Mwalimu na kumpisha mlangoni. "Sevo ikiamriwa kwenda mahali, haichoki kupatafuta. Ukiizuia inalia mpaka inaungua. Fungua mkono kwanza. Iwashe, iache itulie yenyewe. Ndipo uufunge mkono ukiwa wima."

Kalisti alifuata neno kwa neno. Aliuchomoa mkono wa plastiki, akachomeka nyaya kwenye kipokezi, ya kahawia upande wa nje, nyekundu katikati, ya rangi ya machungwa ndani, kisha akawasha. Sevo iligeuka kidogo, ikakaa. Aliurudisha mkono ukiwa umesimama kama mshumaa, akakata ncha ya ile spoki ya baiskeli waliyoitumia kuvutia mkia, maana ilikuwa ndefu kupita kiasi, akaiunga upya. Kelele zikakoma. Kimya kile kilimwingia kifuani kama chai ya moto asubuhi ya baridi.

"Kwanza utulie, ndipo ufungwe mzigo," alisema. "Hilo nitalitumia Jumapili."

"Usiseme umelitoa kwangu," Herieth alijibu. "Paroko ataniita nihubiri."

Evaristi alikuwa ameketi pembeni mwa meza, kofia ya bodaboda mapajani. Mchana alibeba abiria Sumbawanga mjini, jioni alikuja kusoma, na kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya wengine, alichaguliwa kuwa rubani. Zamani sana, alipokuwa mtoto wa kijijini, Kalisti ndiye aliyemfundisha sala. "Katekista, tuelewane mapema," alisema. "Ndege huyu akianguka, ni nyaya zako."

"Na akipaa?"

"Akipaa, ni mikono yangu."

Darasa zima lilicheka, na Kalisti naye akacheka. Alikuwa mwepesi moyoni jioni ile. Mzigo mkubwa, alidhani, ulikuwa umeshatua.

Kalisti hakuwa akiomba namna ile kwa ajili ya cheti. Shule aliiacha darasa la saba, na mwaka uliopita, baada ya kuunguza spika ya kanisa la kigango kwa kuchomeka waya pasipopaswa, aliona aibu, akajiandikisha kusoma umeme mdogo jioni pamoja na vijana. Alikaa dawati la mbele, miwani yake imefungwa kamba. Lakini hii ndege aliiomba mwenyewe, na alikuwa na sababu.

Kigango chao cha Mtakatifu Yosefu kiko nje kidogo ya barabara ya Laela, na pande zote kimezungukwa na mashamba ya mahindi na ulezi. Kila mwaka, mvua zikianza kupungua na ulezi ukaanza kukaza punje, ndege hushuka mashambani kwa makundi. Hapo watoto hupewa kombeo na madebe, wakapanda kwenye vichanja tangu alfajiri na kupiga kelele mpaka jua lizame. Siku za shule wakubwa hulinda. Jumamosi ni zamu ya watoto, maana wakubwa wanakwenda sokoni. Na Jumamosi ndiyo siku ya mafundisho ya Komunyo ya Kwanza.

Mwaka huu mabenchi ya kanisa yalikuwa yamebaki karibu matupu. Paroko alisema, bila ukali, kwamba asiyemaliza mafundisho atasubiri mwaka mwingine, na Sikukuu ya Ekaristi ilikuwa inakaribia. Wengi wa watoto wale walikuwa wameshasubiri mwaka jana kwa sababu hiyohiyo. "Baba, kwa mwendo huu mtoto wa mkulima wa ulezi ataota ndevu kabla hajapokea," Kalisti alimwambia Paroko. Paroko alicheka sana, lakini neno lake halikubadilika.

Ndiyo maana Mwalimu Herieth alipouliza darasa watengeneze nini, Kalisti aliinua mkono. Alieleza kwamba mwewe mmoja akipita juu ya shamba, ndege wote wanaondoka, hakuna haja ya jiwe wala debe. Darasa likapenda. Wakaomba madukani yale mabamba meupe mepesi yanayofungiwa runinga mpya, wakachonga mwili na mabawa, wakatia uti wa mianzi, wakapaka rangi ya kahawia na kuupasua mkia katikati kama wa mwewe halisi. Puani wakafunga mota na propela. Wakamwita Mwewe. Mwalimu alikwenda mwenyewe kuomba kibali cha kumrusha, akarudi nacho pamoja na onyo la kuruka chini na mbali na mji.

Aliyebaki kushawishiwa alikuwa Mzee Yonas, msemaji wa wenye mashamba. Huyu hakuwa mtu mbaya. Mwaka jana ndege walimwachia mabua, na hakutaka kusikia utani kuhusu ulezi. "Nitakuja kuangalia mara moja tu, Jumamosi," alimwambia Kalisti. "Akiwafukuza, chukueni watoto wenu Jumamosi zote mpaka mavuno. Akianguka, bwana, usinijie tena na habari ya watoto. Watu hapa wanakula ulezi, hawali mafundisho."

Kalisti alikubali. Angefanya nini?

Basi jioni ile, sevo zote zilipokwisha kutulia, ilibaki kazi ya mwisho, nayo ilikuwa kuhakikisha kwamba Mwewe anatii upande anaoambiwa. Kalisti alimsimamisha mezani, pua ikimwelekea yeye. Hakufikiri kwa nini. Chochote alichotaka kusema nacho alikiweka uso kwa uso, maana hakuzoea kuzungumza na kisogo cha mtu. Alikumbuka somo, kwamba upande ambao kipande cha bawa kinainuka, bawa la upande huo ndilo linaloshuka, na ndege inapinda huko. Akasukuma kijiti kulia. Kipande kilichoinuka kilikuwa upande wa mkono wa kushoto wa Kalisti.

"Umekosea, mwanangu," alimwambia Mwewe kwa upole. Kwenye rimoti kulikuwa na swichi ndogo ya kugeuza mwendo wa sevo. Akaigeuza. Akasukuma tena kulia, na kipande cha upande wa mkono wake wa kulia kikainuka. Aliridhika. Mwalimu Herieth, aliyekuwa ng'ambo ya meza akimsaidia mwanafunzi mwingine kuunga waya kwa risasi ya kuyeyusha, aliinua macho, akaona vipande vinacheza vizuri bila kukwama, akatikisa kichwa kukubali.

"Kesho kutwa, basi," alisema.

"Kesho kutwa, Mungu akipenda," alijibu Kalisti.

Jumamosi kulikucha na ukungu, kisha jua likatoka safi. Makubaliano yalikuwa kwamba Mwewe angerushwa mara tu mafundisho yatakapokwisha, lakini Kalisti alikuwa amewaambia Herieth na Evaristi wasimngoje endapo upepo ungeanza kuvuma. Upepo wa Ufipa ukishaamka hauombwi kurudi kulala. Yeye alikwenda kanisani, akawakuta watoto wachache tu kwenye benchi la mbele, wengi wao wa familia zisizolima ulezi. Kutoka mashambani alisikia madebe yakigongwa, na sauti za wale aliowakosa.

Debora naye alikuwa amekuja. Mama huyu na mumewe Mayunga walihamia huku na ng'ombe wao kutoka Usukumani, na ndiyo kwanza alikuwa ameanza kujifunza dini. Kwa kawaida wakatekumeni wakubwa hufundishwa Alhamisi, lakini Alhamisi iliyopita ng'ombe walikuwa wamemzuia, akaomba aje na watoto. Alichelewa kidogo, akiwa na mtoto mgongoni, na kwa haya hakutaka kupita mbele ya watu. Aliingia kwa mlango wa nyuma, wa sakristia, akasimama pembeni, nyuma kidogo ya Kalisti.

"Tuanze," Kalisti alisema. "Kwa jina la Baba."

Aliinua mkono wake wa kushoto, akaupeleka kwenye paji la uso. Hivyo ndivyo alivyofanya miaka yote. Mtoto anayekutazama hajui kulia wala kushoto, anajua kukufuata tu. Ukiinua mkono wako wa kulia, yeye atainua wake wa kushoto, ulio upande uleule anaouona. Kwa hiyo katekista huinua kushoto, na watoto wote huinua kulia, na msalaba unakaa mahali pake. Kalisti alikuwa amefundisha vizazi viwili kwa mkono ule, hata hakuufikiria tena.

Watoto walimaliza vizuri. Mmoja wao akacheka na kuonyesha kidole. Kalisti aligeuka. Debora alikuwa amejigusa paji, kifua, na mabega, kwa utulivu na heshima yote, kwa mkono wa kushoto.

"Mama, kwa mkono wa kulia," Kalisti alimwambia taratibu.

Debora alitazama mkono wake, kisha akamtazama yeye. "Nimefanya kama ulivyofanya, Baba Katekista. Niko nyuma yako. Nimeona kushoto, nikafanya kushoto."

"Ni kweli," alisema Kalisti, akitabasamu. "Kosa langu. Mimi huwafanyia wanaonitazama usoni. Aliye nyuma yangu..."

Tabasamu likamkauka mdomoni.

Alimwona Mwewe mezani, pua ikimtazama. Aliiona swichi ndogo chini ya kidole chake. *Umekosea, mwanangu.* Mwewe hakuwa amekosea. Mwewe alikuwa akimtazama yeye usoni, kama mtoto wa benchi la mbele, na kulia kwa Mwewe kulikuwa upande wa kushoto wa Kalisti. Kila kitu kilikuwa sawa mpaka yeye alipokigeuza. Sasa rubani akimwambia pinda kulia, atapinda kushoto. Akijaribu kumsahihisha, atazidi kumwinamisha, na Mwewe ataingia ardhini kichwa kikiwa mbele, machoni pa Mzee Yonas.

Miguu ilitaka kukimbia hapohapo. Lakini Baba Yetu ilikuwa bado, na sala iliyoanzishwa mbele ya watoto haikatwi. Alisali nao mpaka mwisho, na alipofika kwenye yale maneno ya kuomba tusitiwe majaribuni, aliyasema kwa nguvu kuliko siku zote.

"Amina. Mama, kaa na watoto, warudie ishara ya msalaba."

"Nisimame mbele yao?"

"Mbele yao. Kwa mkono wa kushoto."

Akatoka.

Mahali walipochagua palikuwa uwanda wa majani chini ya kanisa, ng'ambo ya mikaratusi, ukipakana na shamba la Mzee Yonas. Kalisti alikwenda mbio, kiatu kimoja kikitaka kumvuka, mkono mmoja umeshika miwani. Hakuwa amekimbia hivyo tangu ujana wake. Alipofika kwenye miti alisikia mlio wa propela, mkali kama wa nyuki waliochokozwa. Upepo ulikuwa umeanza kuamka. Hawakumngoja.

"Bwana Yesu, washikie mikono," aliomba huku akihema. "Kidogo tu. Nifike."

Akatokeza uwandani. Mwalimu Herieth alikuwa amemshika Mwewe juu ya kichwa, mkono umerudi nyuma tayari kumtupa. Evaristi alikuwa na rimoti. Mzee Yonas na wenye mashamba wengine walisimama pembeni wamekunja mikono ndani ya masweta.

"Subirini," Kalisti aliita. Sauti ilitoka nyembamba, nusu yake ilichukuliwa na upepo. Akainua mikono yote miwili. "Mwalimu, usimwachie."

Herieth alishusha mkono. Evaristi akazima mota. Kimya kilipoingia, Kalisti aliinama, akashika magoti, akabaki akivuta pumzi, na kila pumzi ilikuwa ya kushukuru.

"Shikamoo, Katekista," alisema Evaristi. "Umekimbizwa na shetani au na ng'ombe wa Mayunga?"

"Marahaba. Nimekimbizwa na mkono wangu mwenyewe. Mwalimu, mweke chini. Sasa simama nyuma yake, mkiani. Evaristi, sukuma kulia."

Evaristi alisukuma. Herieth aliinama kutazama mabawa. Kipande cha kulia kilishuka. Cha kushoto kikainuka. Alikitazama muda mrefu, kisha akajipangusa mikono kwenye sketi.

"Angegeuka chali kabla hajafika pale shambani," alisema polepole. "Na mimi niliangalia juzi. Niliangalia kama vipande vinacheza. Sikuangalia vinacheza upande gani."

"Ni mimi niliyeigeuza swichi. Nilimweka akinitazama, kama mtoto wa mafundisho."

Herieth hakuhitaji maelezo zaidi. Aliigeuza swichi ile ndogo kwa ukucha, akamwomba Evaristi ajaribu tena. Kulia, kipande cha kulia kikapanda. Kushoto, cha kushoto. Mkia nao ulikuwa sawa tangu mwanzo, maana juu ni juu hata ukisimama mbele ya kitu. Kalisti aliweka kiganja juu ya mgongo wa Mwewe, akahisi jinsi sevo zilivyotulia ndani yake, hakuna inayolia.

"Mnageuza nini hapo?" Mzee Yonas aliuliza.

"Alikuwa hajui kulia na kushoto, bwana Yonas. Sasa anajua."

"Anhaa." Mzee alitazama wenzake. "Mimi nimeacha chai yangu nyumbani kuja kufundisha ndege kulia na kushoto."

Wakacheka, na kicheko kile kilimpoza Kalisti. Watu wanaocheka bado hawajaondoka.

Herieth alisubiri upepo upungue, akapiga hatua mbele, akamtupa. Mwewe alizama kidogo, Kalisti akashika kamba ya miwani, kisha Mwewe akapanda, mabawa yamenyooka, akawa wa kahawia juu ya uwanda, halafu mdogo, halafu kweli mwewe. Evaristi alimpeleka kulia, juu ya ulezi. Alikwenda kulia.

Na ndege wakainuka. Walitoka shambani wote kwa pamoja kama moshi wa majani mabichi, wakajikunja, wakapasuka makundi mawili, wakakimbilia bondeni. Kwenye vichanja, madebe yalinyamaza. Watoto walikuwa wamesimama, vichwa vimeinama nyuma.

"Ee," alisema Mzee Yonas. Hilo tu.

Evaristi alimzungusha Mwewe mwisho wa shamba ili amrudishe. Hapo ndipo kazi ilipokuja. Wakati wa kwenda Mwewe alikuwa amempa mgongo. Kurudi alikuwa akiwajia uso kwa uso, na upepo ukamsukuma, bawa moja likaanza kulala. Evaristi alisukuma kijiti. Bawa likalala zaidi. Akasukuma zaidi. Mwewe akaanza kuteremka kwa ubavu kuelekea ulezi.

"Amekataa," Evaristi alisema, na utani wote ulikuwa umemtoka. "Katekista, swichi bado imegeuzwa, nikimwambia kulia anakwenda..."

"Haijageuzwa. Anakutazama." Kalisti alisimama begani kwake, akaisikia sauti yake mwenyewe imetulia, ile sauti ya Jumamosi. "Acha habari ya kulia na kushoto. Jifanye ni mimi pale, niko mbele ya benchi, wewe ni mdogo. Mimi nikilala huku, wewe lala huku. Nifuate tu."

"Nikufuate?"

"Upande unaomwona anaangukia, peleka kijiti hukohuko. Nifuate."

Evaristi alipeleka kijiti upande ambao bawa lilikuwa likianguka, jambo ambalo kila kiungo cha mwili wake kilikataa. Bawa likainuka. Likanyooka. Mwewe akapita juu ya masuke ya ulezi, chini sana kiasi kwamba kivuli chake kiliyagusa, kisha akapanda.

"Amelala upande wa pili sasa," alisema Kalisti.

"Naona. Nakufuata." Evaristi alishusha pumzi ndefu. "Nakufuata, Katekista."

Alimzungusha mara nyingine, akapita tena juu ya shamba kuwafukuza wachache waliobaki, na kila aliporudi uso kwa uso midomo ya Evaristi ilikuwa ikisema kitu kimyakimya. Mwisho alimtelemsha kwenye majani. Mwewe aliburuzika, akageuka nusu mzunguko, akatulia. Propela ilikuwa imevunjika ncha moja. Basi, hilo tu.

Herieth aliketi chini palepale aliposimama. Kalisti akaegemea kwenye pikipiki ya Evaristi. Mungu ni mwema, alifikiri, hata anapokukumbusha jambo kupitia mama mwenye mtoto mgongoni aliyechelewa na kuingia kwa mlango usio wake. Kama Debora angepita mbele kama wengine, Kalisti asingejua kitu.

Mzee Yonas alikuja akizunguka ile ndege, akaigusa kwa ncha ya fimbo. "Hawa ndege wana akili, Kalisti. Wataizoea."

"Wataizoea," Kalisti alikubali. "Ndiyo maana tutamleta Jumamosi tu. Na ulezi si wa kukaa shambani milele. Mpaka waizoee, utakuwa ghalani."

"Na kama siku hiyo huyu Mwewe wenu ana homa?"

"Akiwa na homa, nitakuja mimi mwenyewe na debe. Nitakaa kwenye kichanja chako mpaka jioni. Lakini watoto watakuwa kanisani."

Mzee alifikiri. Alitazama shamba lake, ambalo kwa mara ya kwanza tangu alfajiri halikuwa na hata ndege mmoja. "Wewe na debe," alisema. "Hiyo nayo ningependa kuiona." Kisha akageuka kuelekea vichanja, akaweka mikono mdomoni, akaita watoto washuke. Akaenda zake kuitafuta chai yake.

Walimfungua Mwewe mabawa ili wambebe. Evaristi alichomoa betri, bado ya moto, akaishika mikononi kama mtu anayeota moto. "Katekista," alisema, "siku ile unanifundisha msalaba, nilikuwa na miaka mingapi?"

"Ulikuwa mdogo. Ulikuwa unakosea bega."

"Sikukosea tena."

"Hukukosea tena," alisema Kalisti.

Jumamosi iliyofuata, mabenchi yalijaa mpaka mlangoni. Baadhi ya watoto walikuwa bado na makapi ya ulezi kwenye nywele, wengine walikuwa wamesahau kuacha kombeo nyumbani, zikawa zinaning'inia shingoni. Debora alikuwa ameketi mbele kabisa, mtoto wake mapajani. Kalisti aliwangoja wakohoe, wasukumane, watulie. Nje, mbali, ulisikika mlio mwembamba ukipita juu ya mashamba na kurudi, kupita na kurudi, bila kukwama.

"Kwa jina la Baba," alisema, akainua mkono wake wa kushoto.

Mbele yake, mikono yote ya kulia ikapanda.